Salem: tulifukuzwa mbele ya mizani

Nilisema nisubiri hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka.

Tulikwenda Salem, Massachusetts, mimi na binti yangu, msimu ule majani yanapopukutika. Tulilipia ziara ya kampuni moja, jina sitaji. Wengi huenda Salem kwa habari za kesi za watu walioshtakiwa kwa uchawi mwaka 1692. Mimi nilifuata forodha. Nimezaliwa Unguja, hatua chache tu kutoka Forodhani, na bibi yangu hadi anafariki alikiita kile kitambaa cheupe kigumu "merikani". Meli za Salem ndizo zilizokuwa zikishusha majora yake kwetu, na zikirudi zimesheheni pembe za ndovu, ngozi na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Seyyid Said aliwekeana mkataba na Marekani mwaka 1833, na konseli wao wa kwanza, Richard Waters, aliyefika Unguja 1837, alikuwa mtu wa Salem hasa. Jengo la forodha la huko, la mwaka 1819, bado limesimama likitazama gati la Derby, na siku hizi ni makumbusho.

Basi tumefika kwenye vyombo vya wapima mizigo. Binti yangu akasimama mbele ya mizani, akaniuliza, "Mama, pembe za kwetu zilipimwa kwa hii?" Swali zuri namna hiyo, la mtoto wa miaka kumi! Nikamgeukia mwongozaji wetu. Hata hakumtazama mtoto. "Hayo hayamo kwenye ziara," akasema, kisha akapiga makofi mawili kama anayeswaga kuku, tutoke, duka la vitu vya kichawi linatungoja.

Nilitetemeka. Pembe zile zilibebwa mabegani mwa watu kutoka bara hadi pwani, wengine wao watumwa, na nilitaka mwanangu alisikie hilo papo hapo, mbele ya chuma chenyewe. Hayamo kwenye ziara! Yamo kwenye nini, basi?

Tukabaki. Ziara ikaenda zake.

Hapo nakiri mambo yalibadilika. Mfanyakazi mmoja wa makumbusho, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, alikuwa ametusikia. Akampeleka binti yangu kwa tai wa mbao aliyechongwa 1826, aliyekuwa juu ya paa miaka mingi. Sasa juu kuna nakala, yeye amewekwa ndani. Akatuonyesha na ofisi aliyofanyia kazi mwandishi Nathaniel Hawthorne. Tulikaa tukashiba. Kwa saa ile moja ningesema nendeni, nendeni hata kesho, ila nendeni wenyewe.

Lakini nikikumbuka yale makofi narudi nyuma. Mji uliotajirika kwa bahari unamwachaje mtu amfukuze mgeni mbele ya mizani, tena mgeni ambaye wazee wake walikuwa upande wa pili wa biashara ileile? Najua makumbusho hayana kosa. Najua. Bado ndiyo picha niliyoondoka nayo.

Nilidai pesa zangu. Kampuni ikajibu kwamba tuliiacha ziara kwa hiari yetu. Nyota moja kwao, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri hairuhusiwi. Binti yangu ameniomba turudi, maana swali lake kuhusu pembe bado analo.