Besi ya Nne ya Nini? Mwongozo kwa Mpiga Besi wa Mtwara Mwenye Hela za Korosho

Minada ya korosho ikishaanza, simu yangu hujaa picha za magitaa. Wauzaji wa Kariakoo wanaijua kalenda ya Kusini kuliko sisi wenyewe. Mimi nina mikorosho michache upande wa Mikindani, napiga besi harusini Jumamosi na kanisani Jumapili, na nyumbani ziko besi tatu zimeegemea ukuta. Mama watoto huzihesabu. Ya tatu niliiingiza usiku, nikaisimamisha nyuma ya ile nyeusi. Asubuhi akaniuliza, "Hii nyeusi imezaa?"

Basi nazipanga hapa besi zinazotutoa udenda kwa swali moja tu: itafanya nini ambacho iliyopo nyumbani haiwezi? Rangi sikuipa hata alama moja, ingawa najua ndiyo inayotuuza.

Kabla ya yote, nunua nyuzi. Hewa ya chumvi ya Shangani haina urafiki na chuma. Uzi unaoachwa na jasho la vidole hushika kutu haraka, ukapoteza mng'ao wa sauti, na hata ukiukaza vizuri ukawa hautulii. Niliwahi kutamani besi mpya kwa miezi miwili, kumbe nilichokuwa nimekichoka ni nyuzi za miaka mitatu. Seti mpya, kitambaa kikavu cha kufutia kila ukimaliza kupiga, na fundi anyooshe shingo. Kama baada ya hapo tamaa bado ipo, tuendelee.

Nafasi ya kwanza naipa besi ya nyuzi nne ya mtindo wa Precision, iliyotumika. Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, waliitoa 1951, na tangu 1957 pikapu yake (si gari, nasema ile sumaku iliyozungushiwa waya inayonasa mtikisiko wa nyuzi) imekatwa vipande viwili vilivyopishana ili kuua muungurumo wa umeme. Kwa kumbi zetu, ambako waya wa ethi mara nyingi ni jina tu, hilo peke yake linatosha kuipandisha juu. Ina kitufe cha sauti na kitufe cha toni, basi. Haina betri. Squier, ambao ni tawi la bei nafuu la Fender hao hao, wanaitengeneza, na iliyotumika hukaa na thamani yake ukitaka kuiuza. Ile yangu niliipata kwa laki nne na nusu na ndiyo inayonilisha. Ukiwa nayo tayari, ya pili ya aina hiyo hiyo ni uroho. Najisema mwenyewe pia.

Ya pili ni mtindo wa Jazz, nao wa Fender, wa 1960. Shingo yake ni nyembamba kule juu, karibu milimita 38, wakati Precision hufika 41 na zaidi. Mwenye vidole vifupi ataisikia tofauti wimbo wa kwanza. Pikapu mbili zinakupa sauti ya kukwaruza kidogo inayopenya katikati ya kinanda na ngoma, nzuri kwa sebene. Ila ukifungua pikapu moja tu inavuma. Fungua zote mbili sawasawa na kelele nyingi hutulia.

Ya tatu ni nyuzi tano, na hapa ndipo vijana wa kwaya wanapomalizia akiba. Uzi wa B ule wa chini unatikisika karibu mara 31 kwa sekunde. E, uzi mnene wa besi ya nyuzi nne, ni 41. Sasa niambie, ile spika ndogo ya kanisani kwenu itatoa nini kwenye 31? Itapumua tu. Hela ya besi ya nyuzi tano ingenunua spika ya maana, na besi yako ya zamani ingesikika kama mpya. Kama shida ni mwimbaji anayetaka kii (ngazi ya sauti ya wimbo) ya D, legeza uzi wa E ushuke hadi D. Hailipiwi. Ukishapata spika inayobeba, na kwaya inayobadilisha kii kila ubeti, hapo nyuzi tano ni halali yako.

Za betri, zenye priampu (kikuza sauti kidogo) ndani, kama Ibanez GSR200, nimeziweka ya nne. Zinavutia dukani kwa sababu sauti nzito inajaa ukigusa kitufe. Lakini jeki ikiachwa imechomekwa, betri ya volti 9 inaendelea kuliwa, na ikiisha utaligundua hilo bi harusi akiwa mlangoni. Yamenikuta, na ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Betri ya akiba ikae mfukoni.

Besi fupi, ya inchi 30 badala ya 34, ni ya mtoto anayeanza au mgongo uliochoka. Isiyo na freti (vile vijichuma vinavyokata shingo) na ya nyuzi sita ziko mkiani. Nazipenda. Usinunue.

Kuhusu kukagua, usikubali picha wala video. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha tazama nafasi iliyobaki karibu na freti ya saba: ipite kadi nyembamba, isipite kidole. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12, kisha ubonyeze hapo hapo. Noti mbili zilingane. Zungusha vitufe usikilize kama vinakwaruza. Na muulize muuzaji kama nati ya chuma cha ndani ya shingo, kile kinachoinyoosha, bado inazunguka, ajaribu mbele yako. Mimi sikuuliza. Nililetewa besi yenye shingo iliyojisokota kama kamba ya ngalawa, na aliyeniuzia hakupokea simu tena. Ndiyo ile ya tatu, iliyozaliwa usiku.

Ubao wa juu ya shingo, ule wenye freti, kwenye magitaa mengi hutoka kwenye miti ya jamii moja na mpingo wetu, ule ule wanaouchonga Wamakonde. Kila nikiona tangazo la "mbao adimu kutoka ng'ambo" nacheka peke yangu.

Ukishanunua Dar, usiiweke kwenye buti la basi. Chini ya magunia na ndoo za rangi, kichwa cha besi kinakatika mapema, na barabara ya kuja Kusini ni ndefu. Legeza nyuzi kidogo, ifunge kwa blanketi, kata tiketi mbili, uiketishe upande wa dirishani.