Crown au Harrier: gari la chini la kifahari au gari la juu la familia?

Kwa pesa zinazokaribiana, yadi moja ya Dar es Salaam inaweza kukuonyesha Toyota Crown Athlete yenye viti vya ngozi na injini ya V6, na pembeni yake Harrier ya lita 2.0 ambayo buti lake linameza mabegi ya familia nzima. Wengi huamua kwa sura, na ubaya wa uamuzi huo huonekana masika yanapoanza. Kabla ya kulinganisha injini na redio, kuna mambo mawili ya kupima ambayo hayaandikwi kwenye tangazo lolote: kipande cha mwisho cha barabara kinachoingia nyumbani kwako, na nani atakaa kiti cha nyuma katikati. Hayo mawili, yakifuatiwa na umri wa gari kwa ajili ya kodi, ndiyo yaliyopanga orodha yetu hapa chini.

Njia ya kuingia nyumbani

Crown Athlete ya 2008 hadi 2012 (chesisi GRS200) inaachana na ardhi kwa sentimita 13 hadi 15 ikiwa tupu. Harrier iliyotoka kuanzia mwisho wa 2013, ile inayoitwa Anaconda mtaani, ina kama 19. X-Trail T32 ina zaidi ya 20, Mazda CX-5 ya kwanza ina 21, na Subaru Forester SJ5 ina 22. Pakia watu watano na mizigo ya kwenda kijijini Desemba, gari lolote kati ya haya litashuka sentimita 3 hadi 5. Forester ikibaki na 18 bado inapita vizuri. Crown ikibaki na 10 inagusa tuta la saruji ambalo wakazi wamejijengea wenyewe, na kinachoguswa kwanza ni fremu ya chini ya injini, kisha bomba la ekzosi katikati.

Usitegemee namba za kwenye makaratasi peke yake. Chukua futi, nenda kwenye tuta baya kuliko yote kati ya lami na geti lako, pima urefu wake. Kisha, kabla ya kulipa, omba gari ulijaze watu na ulipitishe hapo polepole. Muuzaji akikataa, mpeleke fundi wako apime gari likiwa na watu wanne ndani, ulinganishe na kipimo chako. Anayekaa Upanga au Oysterbay na kufanya kazi Posta anaweza kuruka hatua hii. Anayekaa Goba ndani ndani, Kivule au Chanika asiiruke kabisa.

Matairi nayo yana neno. Crown Athlete huja na 225/45R18. Namba ya 45 maana yake ukuta wa tairi ni asilimia 45 ya upana, yaani milimita 101. Harrier yenye 225/65R17 ina ukuta wa milimita 146. Hizo milimita 45 za mpira na upepo ndizo zinazopokea shimo kabla rimu haijalipokea. Ndiyo maana wenye Crown hupeleka rimu kunyooshwa na kubadilisha matairi yaliyotoa uvimbe ubavuni, wakati mwenye Harrier amepita shimo lilelile na kusikia mshindo tu.

Kuna dawa maarufu ya gereji: kuinua gari kwa kuweka spesa juu ya springi na shokapu. Sentimita 2 zinavumilika. Zaidi ya hapo, shafti za nyuma na boljointi zinafanya kazi kwenye pembe ambayo hazikutengenezewa, raba zake zinapasuka, grisi inatoka, na alaimenti haikai. Crown zenye shokapu za umeme zina tatizo la ziada: fundi akizitoa na kufunga za kawaida, taa ya hitilafu inawaka kwenye dashibodi na ule ulaini ulioulipia unapotea. Kama gari linahitaji kuinuliwa ndipo lifike kwako, basi halikuwa gari lako.

Kiti cha nyuma

Crown na Mark X zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo shafti ndefu inapita katikati ya sakafu na kuacha nundu kubwa. Watu wawili nyuma wanakaa kama wageni wa heshima. Wa tatu anaweka miguu juu ya nundu, magoti yakiwa kifuani, na kutoka Dar hadi Moshi hilo ni jambo la saa nyingi. Ukiwa na viti viwili vya watoto vilivyofungwa pembeni, dada wa kazi au bibi hapati nafasi katikati.

Harrier ina sakafu iliyo karibu na tambarare na kiti kilicho karibu na usawa wa kiuno. Mzee mwenye magoti mabovu anaingia kwa kugeuka na kukaa, halazimiki kujishusha. Kwa familia inayolea wazazi, hili peke yake linatosha kuamua.

Kodi: umri unauma kuliko injini

Kwa viwango vilivyozoeleka Tanzania, gari dogo la abiria hulipa ushuru wa forodha asilimia 25 ya CIF (bei ya gari pamoja na bima na usafiri hadi bandarini), halafu ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000, au asilimia 10 ikizidi 2,000. Gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15 ya uchakavu, na likizidi miaka 10 huongezewa 30. Juu ya yote hayo kuna VAT asilimia 18 na tozo ndogo ndogo.

Chukua CIF ya shilingi milioni 20. Ukiongeza forodha inakuwa milioni 25. Tofauti kati ya injini ya 2.0 na ya 2.5 ni milioni 1.25, na ukiweka VAT inafika milioni 1.475. Tofauti kati ya gari lililo chini ya miaka 8 na lililozidi 10 ni milioni 7.5, na kwa VAT inafika milioni 8.85. Kwa hiyo Crown ya 2010 inayoonekana rahisi kwenye mnada wa Japani inabeba mzigo wote wa uchakavu. TRA hutumia thamani yake yenyewe, si risiti yako, na viwango hubadilika na bajeti ya Juni. Ingiza gari kwenye kikokotoo cha TRA kwa mwaka halisi wa kutengenezwa kabla hujatuma hata dola moja.

Orodha yetu

Ya kwanza: Toyota Harrier 2.0 (ZSU60), ya 2016 kuja juu. Injini yake 3ZR-FAE ina cc 1,986, hivyo inaingia kwenye asilimia 5. Spea zake zimejaa Kariakoo, mafundi wanaijua, na ukitaka kuuza wateja wapo siku hiyohiyo. Udhaifu wake unaeleweka: pampu ya maji huanza kuvuja na kuacha alama ya pinki iliyokauka ubavuni mwa injini, na giaboksi ya CVT (inayotumia mkanda badala ya gia za hatua) inataka oili yake maalumu, ile ya CVT FE. Akiiweka fundi ATF, oili ya giaboksi za kawaida, mkanda wa ndani unateleza, gari linapiga kelele bila kuvuta, na giaboksi imekwisha. Tatizo lake la kweli ni bei, kwa sababu kila mtu anaitaka.

Toleo la haibridi, yaani la petroli na umeme (AVU65), linakula mafuta kidogo zaidi, ila betri yake kubwa iko chini ya kiti cha nyuma na inapoozwa na hewa ya ndani ya gari. Angalia vitundu vya hewa chini ya kiti hicho. Vikiwa vimezibwa na vumbi na nywele za zulia, betri imekuwa ikipikika kwa muda mrefu. Visafishwe mara mbili kwa mwaka, na usivizibe kwa mabegi wala maturubai ya viti.

Ya pili: Subaru Forester SJ5, 2013 hadi 2018. Kwa barabara mbovu inaishinda Harrier, na ndiyo tungemwambia mtu wa Makabe au mwenye safari za Lushoto. Inavuta kwa magurudumu yote manne muda wote, na hapo ndipo watu wanaiharibu: matairi manne lazima yawe aina moja na yameisha sawa. Ukiweka tairi moja jipya na matatu yaliyokwisha, magurudumu yanazunguka kwa kasi tofauti na klachi ya katikati inaungua polepole. Baadhi ya injini za FB20 za miaka ya mwanzo zinakula oili, kwa hiyo chomoa kijiti cha oili kila unapojaza mafuta. Injini hii ina cheni. Ukichukua Forester ya SH ya kabla ya mwisho wa 2010, ile ina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu zinagongana na pistoni.

Ya tatu: Mazda CX-5 ya petroli. Giaboksi yake ni ya kawaida ya hatua 6, si CVT, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu anayepanga kukaa na gari miaka mingi. Ya dizeli ya 2.2 iacheni. Kichujio chake cha moshi kinahitaji safari ndefu ili kichome masizi, na kwenye foleni ya Ubungo hakipati nafasi hiyo. Dizeli inachuruzika kwenye oili, kiwango cha oili kinapanda badala ya kushuka, na injini inakosa ulainisho.

Ya nne: Crown Athlete 2.5. Tunaiweka juu ya X-Trail kwa makusudi. Kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma hakuna gari katika orodha hii linalotulia na kunyamaza kama hili, na giaboksi yake ya hatua 6 ni imara. Inamfaa mwenye lami hadi getini na watoto wasiozidi wawili. Injini ya 4GR-FSE inarushia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo hakuna mafuta yanayosafisha mgongo wa valvu za kuingiza hewa. Kaboni inajenga, injini inatetemeka ikiwa baridi. Usafishaji wa kweli ni kufungua manifoldi na kukwangua valvu; dawa ya kumimina kwenye tangi haifiki huko. Mark X ya 2.5 ina injini hiyohiyo na udhaifu uleule.

Kwa mafuta, foleni za Dar huipa Crown kilomita 6 hadi 8 kwa lita, Harrier ya 2.0 ikipata 8 hadi 10. Ukitembea kilomita 1,200 kwa mwezi, 7 kwa 9 ni tofauti ya lita 38 hivi. Zidisha kwa bei ambayo EWURA hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, utaona kama unaimudu.

Ya tano: Nissan X-Trail. Nafasi nzuri, bei nzuri, ila CVT yake haivumilii joto wala oili isiyo yake (NS-2 kwa T31 ya zamani, NS-3 kwa T32). Nunua tu ikiwa na kumbukumbu za oili ya giaboksi kubadilishwa, na uijaribu ikiwa imepata moto kabisa, si dakika tano za kuzunguka yadi.

Mwisho: Mercedes C-Class W204 na BMW 3 Series. Ni magari mazuri kwa mwenye fundi wa uhakika na akiba ya kuagiza spea. W204 ina kifaa cha umeme cha kufunga usukani ambacho kikifa, gari haliwaki kabisa. BMW za injini ya N20 za 2012 hadi 2014 zina reli za plastiki za cheni ya taimingi zinazovunjika. Kwa gari pekee la familia, hatuyashauri.

Siku ya kukagua

Fika asubuhi gari likiwa halijawashwa, shika boneti kwa kiganja kuhakikisha ni baridi. Washa, sikiliza sekunde kumi za mwanzo: mlio wa cheni unaotulia haraka ni wa kuuliza, usiotulia ni wa kuondoka. Acha lingurume na AC ikiwaka dakika 15. Kisha kanyaga breki, hamisha kutoka D kwenda R. Ikichelewa zaidi ya sekunde moja au ikipiga kishindo, giaboksi ina shida. Chomeka kifaa cha kusoma hitilafu hata kama hakuna taa inayowaka, maana taa huzimwa asubuhi ya siku ya mteja.

Dai karatasi ya mnada ya Japani na ulinganishe namba ya chesisi na kilomita. Gredi ya 4 au 4.5 ni nzuri. R au RA maana yake gari limewahi kupata ajali na kutengenezwa. Ingia chini ya gari na tochi: kutu nzito kwenye fremu na mabomba ya breki ni dalili ya gari lililoishi kwenye theluji na chumvi. Kama tayari lina namba za Tanzania, hakiki kadi, deni la faini za barabarani na kama halina mkopo wa benki.

Tenga pia fedha ya matengenezo ya kwanza kabla hujamaliza bajeti yote kwenye bei. Kwa Harrier ya 2.0 utahitaji oili ya injini lita 4 na kidogo pamoja na filta, oili ya CVT, kulanti, filta ya hewa na ya AC, plagi nne kama imekaribia kilomita 100,000, na maji ya breki. Angalia tarehe ya matairi ubavuni: namba nne kama 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozidi miaka sita badilisha kabla ya safari ndefu, hata kama kashata zake bado zinaonekana nzima.