Uzoefu wangu: kuhamisha mashine ya kukereza vyuma, Keko mpaka Tabata

Mwezi uliopita nimehamisha karakana yangu kutoka Keko kwenda Tabata, na kitu kilichokua kinaninyima usingizi ni mashine ya kukereza, kibati chake kinasoma kilo 1,750.

Nilikua na sababu ya kuogopa. Mwaka 2019 nilihamisha randa kubwa ya mbao nikachukua vijana sita wa mkokoteni, laki moja na nusu, mitaimbo na mabomba basi. Wakati wa kushusha kwenye kenta ubao ukapasuka, mashine ikalala upande, mguu wake ukakatika maana chuma cha kumimina hakipindi kinakatika tu, na kijana mmoja ikamponda vidole vya mguu. Nilimtibia akapona ila mpaka leo anachechemea, na nikimuona roho inaniuma kwasababu mimi ndo nilikimbilia bei rahisi.

Safari hii nikapiga simu kwa watu watatu wenye winchi. Wawili wakanitajia bei hapohapo bila hata kuuliza uzito. Wa tatu akauliza uzito, upana wa mlango, sakafu ni zege au udongo, juu ya geti kuna nyaya za umeme? afu akasema nakuja kuona kwanza. Akaja na futi yake akapima huku na kule kote. Huyo ndo nikampa kazi, laki saba na nusu. Nikaomba cheti cha ukaguzi wa winchi cha OSHA (wale wa serikali wa usalama kazini) akanionesha, tarehe haijapita.

Siku yenyewe tuliahidiana saa mbili asubuhi, wakafika saa tano. Foleni ya Mandela na malori ya bandarini naielewa, ila simu mpaka nipige mimi, hilo sikulipenda kabisa.

Kazi sasa. Walifungua bolti za sakafuni, wakasogeza ile sehemu inayobeba kisu mpaka mwisho wa upande wa pili wakaifunga, kwasababu uzito mkubwa upo kichwani kwenye gia na mota. Wakanyanyua na jeki, wakapitisha mabomba chini, bomba likitokea nyuma linapelekwa mbele, pole pole mpaka nje, hakuna mtu anapiga kelele, anayetoa ishara ni mmoja tu.

Mikanda walitumia ya njano nikauliza kwanini wakati mzigo haufiki tani 2. Msimamizi akanieleza rangi ndo uwezo, zambarau tani 1, kijani 2, njano 3, lakini ukifunga kwa kukaba, yani mkanda unajibana wenyewe kama kitanzi, uwezo unapungua, na mikanda miwili ikitanuka sana mpaka ikabaki digrii 30 kutoka usawa wa ardhi basi kila mmoja unavutwa kwa nguvu ya mzigo mzima! Nipo kwenye vyuma miaka yote hii na hilo nilikua silijui. Wakaweka mbao ili mkanda usiguse ile skrubu ndefu ya mbele, maana ikipinda hio hukati hesi (yale meno ya bolti) ya maana tena. Wakainua kama sentimita kumi wakasimama, ikaonekana inainamia kichwani, wakashusha, wakasogeza mkanda, wakainua upya. Hapo ndo roho yangu ilitulia.

Tabata walishusha na kuingiza ndani bila mkwaruzo. Ila kuipima ulalo haikuwemo kwenye bei na sikuambiwa mapema, nikamlipa fundi mwingine elfu themanini aje na pima maji akaweka vipande vya bati chini ya miguu. Umeme wa fezi tatu nao ukazungusha mota kinyume, fundi umeme akabadilisha waya mbili ikakaa sawa. Nikakereza shafti ya sentimita 30, nikapima unene mwanzo na mwisho kwa maikromita, kipimo kilekile, maana yake mashine imekaa sawa.

Nawapa 4 kati ya 5. Moja nimeitoa kwa yale masaa matatu na hilo la ulalo, kwahiyo ukiita watu wa winchi ulizia kabisa kama kupima kumo kwenye bei au wanaishia kushusha.