Absorb, stenti inayoyeyuka: uzuri wake na ilipokwama

Mvuvi wa Mikindani akioneshwa Absorb, stenti (kibomba cha kushikilia ateri ya moyo ibaki wazi), ataiita kidema, mtego mdogo wa samaki: bomba la matundu matundu, ila hili limechongwa kwa leza kutoka plastiki ya asidi laktiki na kupakwa dawa. Sifa iliyoipatia jina ni kuyeyuka. Maji ya mwili hukata minyororo ya polima taratibu, na ndani ya miaka mitatu hivi inaishia kuwa maji na kabonidayoksaidi. Hapo haina kosa.

Kasoro iko kwenye ugumu. Plastiki hii inanepa kirahisi mno ikilinganishwa na aloi ya kobalti na kromiamu, kwa hiyo ili ihimili ukuta wa ateri, vijiti vyake vilifanywa vinene: mikroni (sehemu za elfu za milimita) 150 hivi, wakati Xience, stenti ya chuma yenye dawa, ina 81. Kijiti kinene huvuruga mkondo, damu inazubaa nyuma yake, inaganda. Mshipa usiofika kipenyo cha milimita 2.25 haukupaswa kuwekewa kabisa.

Kuitanua nako kulikuwa na adabu yake. Puto litangulie kufungua mshipa vizuri, hasa penye chokaa iliyoganda ukutani. Kisha puto la stenti lijazwe polepole, shinikizo la atimosfia 2 kila sekunde 5. Ukiharakisha, polima haipati muda wa kunyumbuka, inapasuka. Mwisho, puto gumu likandamize vijiti hadi vishike ukuta, bila kuzidi kipenyo cha stenti kwa zaidi ya milimita 0.5. Chuma kingevumilia, hii inakatika. Kijiti kilichoachwa kikielea ndicho balaa la baadaye: stenti ikianza kusambaratika, kipande kinaning'inia katikati ya damu.

Jaribio la ABSORB III, lililoilinganisha na Xience, liliianika: kufikia miaka 2, sehemu iliyotibiwa ilileta matatizo kwa 11% ya wagonjwa, dhidi ya 7.9% wa Xience. Marekani iliiidhinisha Julai 2016. Septemba 2017 mauzo yakasitishwa.

Aliyewekewa atunze kadi yake. Eksirei ya kawaida pale hospitali ya Ligula, Mtwara, itaonyesha nukta mbili tu za platinamu kila ncha, na asiyejua ataapa hakuna stenti.

Kwa moyo, chuma chenye dawa bado ndicho chaguo letu, hasa kwa anayerudi Liwale au Newala ambako kukatikiwa vidonge vya kuzuia damu kuganda ni jambo la kuogopwa. Esprit BTK, stenti nyingine ya kuyeyuka iliyoidhinishwa Marekani Aprili 2024 kwa ateri za chini ya goti, vijiti vyake vimepunguzwa hadi mikroni 99. Hiyo tunaipa nafasi, kwenye mguu tu.