Fundi wa spoki wa Majengo: mpitie kabla hujapanda basi na BMX yako

Ukiwa na BMX, ile baiskeli ndogo ya kurukia, hapa Mombasa na safari yenu ni ya kwenda kucheza kwenye viwanja vya zege, usikate tiketi kabla hujapita Majengo kwa ami mmoja mwenye kibanda uchochoroni. Hana kibao. Ulizia fundi wa spoki, watoto watakupeleka.

Mafundi wengi mjini mikono yao imezoea Blackmamba na baiskeli za gia. Ukiwapelekea BMX, wakikuta ekseli ya nyuma ni ya milimita 14, wanakurudishia. Huyu ana kopo zima la nati za saizi hiyo, kazikusanya kutoka baiskeli za mtumba.

Ila ninayemsifia hasa ni kwa magurudumu. Gurudumu la inchi 20 lenye spoki 36 huwa gumu kweli, lakini chumvi ya bahari yetu haina huruma: vile vinati vidogo vinavyoshika spoki kwenye rimu vinaota kutu na kugoma kuzunguka. Fundi mwenye haraka huvikata. Ami huvitilia mafuta, huliacha gurudumu lilale, na kesho yake huanza kukaza robo mzunguko kwa robo mzunguko, akigonga kila spoki kwa ukucha na kutega sikio. Iliyolegea hulia chini, na yeye huisikia hata pikipiki zikipita.

Aliniuliza, "Bwana mdogo, mwatembea nayo au mwaruka nayo?" Nilipomwambia twaruka, akafungua na habu, kile kitovu cha gurudumu, akaosha gololi kwa mafuta ya taa, akatia grisi mpya. Magurudumu mawili, shilingi 1,200.

Tulikuwa wanne, basi la usiku, kilomita kama 480 hadi Nairobi, baiskeli kwenye buti chini ya magunia ya nazi. Kesho yake tukawa Kangemi, kwenye uwanja wa zege wa makao ya watoto ya Shangilia, uliojengwa kwa msaada wa shirika la skate-aid la Ujerumani. Pale ndipo nilipoielewa kazi ya ami. Ukiruka ukatua kwenye udongo, udongo hupokea sehemu ya kishindo. Zege halipokei kitu, kishindo chote hurudi kwenye rimu. Mwenzetu mmoja aliyetengenezewa kwingine, adhuhuri rimu yake ilikuwa inasugua fremu. Yangu ilikaa vile vile mpaka jioni, nami nilikuwa nikiishusha bila kuionea huruma.

Sasa tunapanga kwenda Kitintale, Kampala, kwenye uwanja wa zege wa tangu 2006. Mwenye rimu iliyopinda yeye anaota uwanja wa zege wa Rom, Hornchurch, Uingereza, uliojengwa 1978 na tangu 2014 unalindwa kisheria kama majengo ya kale. Namwelewa kabisa. Lakini aanzie Majengo.

Mambo mawili ya kujua. Ami yuko peke yake na hakupi siku kamili, kwa hivyo mpelekee mapema, na Ijumaa mchana usiende. Pili, hana geji ya upepo, anabonyeza tairi kwa kidole gumba. Kwa zege sisi tunapenda upepo wa 60 psi (kipimo cha geji) kwenda juu, basi pitia kituo cha petroli ujazie. Ramadhani hufungua baada ya tarawehe, na foleni huwa fupi.