Kufuta kuki zote au za tovuti moja?

Tovuti inakutoa kila ukiingia, au ukurasa wa kuingia unajirudia bila kwisha. Kwenye kompyuta ya zamani, tuseme yenye Windows 7 na kivinjari cha Firefox 115, dawa huwa ni kufuta kuki (faili ndogo ambazo tovuti huhifadhi kwenye kivinjari ili ikukumbuke), na njia ni mbili.

Kwa uharaka, kufuta zote hakuna mpinzani: bonyeza Ctrl+Shift+Delete, chagua muda wote, weka tiki kwenye kuki pekee. Gharama yake huja baadaye, kwani utatolewa kwenye kila akaunti. Manenosiri yaliyohifadhiwa hayaguswi, lakini yale ambayo hukuyahifadhi itabidi uyakumbuke. Ukitia tiki na kwenye kache (nakala za kurasa zilizohifadhiwa), kurasa zitapakuliwa upya, na bando litalipia.

Kufuta za tovuti moja (fungua tovuti, bofya kufuli karibu na anwani, kisha futa kuki na data) huacha mengine salama. Udhaifu wake: tovuti nyingi huingizia watu kupitia anwani nyingine, na kuki mbovu ikiwa huko, tatizo linabaki.

Kompyuta ya familia yenye akaunti nyingi, anza na tovuti moja. Ya ofisini inayotumiwa na watu wengi, futa zote.

Lakini kwanza tazama saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ndani inayoiendesha (mara nyingi CR2032) ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, vyeti vya usalama vinavyothibitisha tovuti vinakataliwa, na hapo hakuna ufutaji utakaosaidia. Kagua pia kama kivinjari kimewekwa kifute kuki kila kikifungwa.