Raiza mpya kwa mikono ileile: uzoefu wangu wa miezi minane

Mikono ya upinde, vile vipande viwili vinavyopinda juu na chini, ni ileile, mishale ni ileile, na mimi ni yuleyule. Nilichobadilisha ni raiza tu, kile kipande cha alumini cha katikati tunachokishika. Nilipotundika upinde kwenye mizani na kuuvuta hadi urefu wangu wa kawaida, ukasoma paundi 34 na nusu. Kwa raiza ya zamani ulikuwa unasoma 36. Nikapima tena mara tatu nikidhani mizani imeharibika.

Raiza zote mbili ni za inchi 25 na zote zinapokea mikono ya mfumo wa ILF, yaani kiungio cha kimataifa cha kupachika mikono kwenye raiza, kwa hiyo kwa maelezo ya dukani hazina tofauti isipokuwa rangi na bei. Tofauti niliiona nyumbani, nilipozilaza mezani na kuvuta uzi wa kushonea kutoka kitako cha mkono wa juu hadi kitako cha mkono wa chini. Kwenye raiza ya zamani, bonde la mshikio, pale kiganja kinapoegemea kati ya gumba na shahada, lilikuwa karibu kabisa na uzi. Kwenye mpya, bonde liko mbele ya uzi, upande wa shabaha, kwa upana kama wa kidole changu cha mwisho. Wapiga mishale huiita deflekisi. Bonde likiwa nyuma ya uzi, karibu na mpigaji, inaitwa refleksi.

Hapo ndipo paundi zangu zilipopotelea. Mimi huvuta nikipima kutoka kwenye mshikio. Mshikio ukisogea mbele, vitako vya mikono vinabaki nyuma, karibu zaidi nami, basi mikono haipindi sana kama zamani ingawa mkono wangu umefika palepale shavuni. Nguvu ya upinde inapungua, na upote, ile kamba ya upinde, unakaa mbali zaidi na mshikio. Kimo cha upote wangu, yaani umbali kutoka mshikio hadi upote kabla ya kuvuta, kilipanda kutoka sentimita 21 na kidogo hadi 22 na nusu. Mshale unaachana na upote mapema, unasukumwa kwa umbali mfupi zaidi, na unakwenda polepole kidogo. Kwenye mita 70 ilinibidi nishushe saiti, kile kifaa cha kulengea. Anayetafuta kasi asinunue raiza ya umbo hili, nasema hivyo bila kuzunguka.

Mimi kasi sikuihitaji. Tatizo langu tangu nianze mchezo huu, na nilianza baada ya kumwona Shehzana Anwar akibeba bendera ya Kenya kule Rio mwaka 2016, ni mkono wa kushoto. Nikichoka, kiganja kinausokota mshikio. Sikioni wala sikisikii, nakiona shabahani: mishale minne imekaa pamoja kwenye njano ya katikati, miwili imekimbilia kulia kwenye bluu. Kocha wangu amenieleza mara nyingi, nami nimefanya mazoezi ya kushika kwa wepesi hadi usingizini.

Na raiza hii, mishale ile miwili inaishia kwenye nyekundu. Kosa bado ninalo, ila adhabu imepungua. Ninavyoelewa mimi ni hivi: ndoo iliyoning'inia kwenye kamba ukiigusa inayumba kisha inarudi mahali pake, lakini sinia uliloliweka juu ya kidole kimoja ukiligusa linaendelea kwenda. Kadiri upote na mikono vinavyovuta kutoka nyuma ya pale ninaposukumia, ndivyo upinde unavyokuwa kama ndoo. Ongeza kwamba mshale umeshaondoka kabla kiganja hakijamaliza uharibifu wake. Kwa mishale 72 ya mita 70 nilikuwa nazunguka alama 540. Sasa nafika 560 siku ambazo sijisikii vizuri hata kidogo, na hilo ndilo lililonifurahisha kuliko siku nzuri.

Kazi ya kuurekebisha upinde upya msiidharau. Uzito wa kuvuta uliposhuka, mishale yangu ikawa migumu kupita kiasi kwa upinde huo, na ule usio na manyoya ukawa unatua kushoto ya wenzake (mimi hutumia mkono wa kulia). Nililegeza springi ya planja, kile kipini cha pembeni kinachoegemewa na mshale, kisha nikakaza boliti za mikono mzunguko mmoja na nusu juu na chini sawasawa ili nirudishe sehemu ya paundi. Kila ukigusa boliti, pima upya kimo cha upote na tila, yaani tofauti ya umbali wa upote kutoka mkono wa juu na kutoka mkono wa chini. Mimi nilisahau mara moja nikapoteza Jumamosi nzima.

Kabla ya hii nilinunua raiza iliyotumika, bei nzuri, picha nzuri. Niliilaza juu ya migongo ya viti viwili, nikachuchumaa nyuma yake. Upote ulipita katikati ya mkono wa juu na katikati ya mkono wa chini, lakini stabilaiza, ile fimbo ya mbele ya kutuliza upinde, ilichungulia kushoto kwake. Nilicheza na vifaa vya kusawazisha mikono jioni nzima, na kila nikikamata huku, kule kunaachia. Raiza yenyewe ilikuwa imesokotwa. Muuzaji hakukubali kuirudisha. Inaniuma mpaka leo, maana aliyejifunza kwa raiza kama ile angejilaumu mwenyewe miaka na miaka.

Kuhusu urefu: mimi navuta inchi 27 na nusu, na 25 yenye mikono ya kati, yaani upinde wa 68, inanitosha. Rafiki yangu mwenye mikono mirefu aliuazima akalalamika kwamba upote unambana vidole; yeye atafute upinde wa 70, kwa mikono ya upinde iliyo mirefu au raiza ya 27. Ila akumbuke kwamba mikono ya ILF huandikwa uzito wa kuvuta kwa kupimwa na raiza ya 25. Ukiipachika kwenye 27 inapungua kama paundi mbili, na kwenye 23 inaongezeka kiasi kama hicho.

Ukienda kununua, beba uzi wa kushonea mfukoni. Muuzaji atakushangaa, wewe uvute tu kutoka kitako hadi kitako, uone bonde limeangukia wapi.